Tumbawe Linapougua Nyumbani: Pima Maji Kabla ya Kununua Dawa

Tumbawe hai ni miongoni mwa bidhaa ghali ambazo mnunuzi huzibeba mkononi ndani ya mfuko wa plastiki. Tena ni bidhaa isiyo na mlio. Mbwa mgonjwa hulia na kuku mgonjwa husinzia, lakini tumbawe hunywea tu, na mara nyingi mwenyewe hutambua jambo hilo siku ambayo sehemu ya mwili wake imekwisha kuoza. Hapo hukimbilia dukani, huelezwa tatizo lake kwa nusu dakika, na hurudi nyumbani na chupa tatu. Malalamiko yanayotufikia kuhusu matangi ya matumbawe huwa na sura hiyo moja: risiti za chupa nyingi, tumbawe lililokufa, na hakuna kipimo hata kimoja cha maji kilichoandikwa kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa.

Somo hili linakusudia kuugeuza mpangilio huo. Hatusemi kwamba dawa zote zinazouzwa hazifai. Tunasema kwamba dalili nyingi za tumbawe ni dalili za maji, na hakuna muuzaji, awe mwaminifu kiasi gani, anayeweza kuyajua maji ya tangi lako kwa kusimuliwa.

Tumbawe ni kitu gani

Tumbawe si jiwe wala si mmea. Ni jamii ya wanyama wadogo waitwao polipi, wanaoishi pamoja, na kwa yale magumu, juu ya kiunzi cha chokaa wanachokijenga wenyewe. Ndani ya nyama ya polipi huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea mwenyeji wake. Kwa hiyo mwenye tangi hulea viumbe wawili katika mwili mmoja, na kila mmoja ana masharti yake.

Ushirika huo huvunjika kwa urahisi kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kawaida, miamba ya matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania ilipauka, na sehemu kubwa yake ikafa. Nyuzi 1 tu ya Selsiasi juu ya joto la kawaida la miezi ya kilele, ikidumu kwa wiki kadhaa, yatosha kuleta mpauko. Bahari hupata joto polepole. Tangi la sebuleni lililo karibu na dirisha linalopigwa na jua la alasiri laweza kupanda nyuzi 2 au 3 kwa mchana mmoja.

Weupe wa aina mbili

Swali la kwanza ambalo mtumiaji anapaswa kujiuliza ni hili: je, weupe ninaouona ni wa nyama au wa mfupa? Mambo haya mawili huchanganywa kila siku, na tiba zake hazifanani hata kidogo.

Tumbawe lililopauka bado lina nyama. Limewatoa mwani wake, na nyama iliyobaki huwa angavu kama utando, hata kiunzi cheupe huonekana kwa ndani. Zima taa za tangi usiku, subiri saa moja, kisha mulika kwa tochi kutoka upande. Ukiona polipi zimechomoza, au utando laini unaong’aa juu ya kiunzi, tumbawe liko hai. Lina njaa, maana limempoteza mpishi wake. Hilo halihitaji dawa. Linahitaji mwanga upunguzwe, joto litulie kati ya nyuzi 24 na 26, na vipande vidogo sana vya chakula cha baharini mara mbili kwa wiki, kwa zile aina zinazokubali kulishwa. Rangi huweza kurudi baada ya wiki, wakati mwingine baada ya miezi. Atakayekuahidi siku tatu anauza ahadi.

Tumbawe linalopoteza nyama ni jambo jingine. Mahali peupe huwa pakavu kwa sura, pana kingo kali za kiunzi kitupu, na baada ya siku chache hufunikwa na mwani wa kijani au kahawia. Mara nyingi hali hii huanzia shinani na kupanda juu. Ikienda polepole, milimita chache kwa wiki, bado kuna nafasi ya kuchunguza chanzo. Ikienda kwa kasi, hasa kwa matumbawe ya matawi ya jamii ya Acropora, koloni zima laweza kuvuka nyama kwa saa 24, na katika hali hiyo jambo la busara ni kukata mara moja ncha ambazo bado zina afya. Tutaeleza namna ya kukata hapo mbele.

Kuna pia tumbawe lililogeuka kahawia baada ya kununuliwa likiwa na rangi ya zambarau au buluu. Huyo si mgonjwa wa dharura. Mwani wake umeongezeka kwa sababu ya mwanga mdogo au maji yenye lishe nyingi. Wanunuzi wengi hulalamika kwamba wameuziwa tumbawe lililopakwa rangi. Mara nyingi sivyo, ingawa ni kweli kwamba taa za buluu za madukani hupamba kila kitu. Omba taa nyeupe iwashwe kabla ya kulipa.

Mfano wa tumbawe la tochi

Chukulia kwamba una tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana 50 na kina 50. Hesabu ya kitabu ni lita 250. Ukiondoa mawe, mchanga na nafasi ya juu isiyojazwa, maji ya kweli ni kama lita 200. Andika tarakimu hiyo ya pili mahali unapoiona, kwa sababu kila kipimo cha dawa hutegemea hiyo, wala si ile ya kwanza. Ndani ya tangi kuna tumbawe la jamii ya Euphyllia, ambalo wafanyabiashara huliita tochi kwa sababu ya minyiri yake mirefu yenye ncha zinazong’aa. Kwa siku tano halijafunguka. Samaki ni wazima. Dukani umeshauriwa kununua chupa ya ayodini, chupa ya vitamini na chupa ya bakteria.

Kabla ya kulipa, rudi nyumbani ujiulize: ni nini kilichobadilika katika wiki mbili zilizopita? Swali hili halina gharama, nasi tumeona likijibu zaidi ya chupa. Je, taa ni mpya? Je, pampu imeelekezwa upya ikalipiga tumbawe moja kwa moja? Je, kuna jirani aliyewekwa karibu? Tochi na wenzake hunyoosha minyiri mirefu usiku na kumchoma yeyote aliye ndani ya sentimita 15 au zaidi, na asubuhi hakuna ushahidi ila jeraha. Je, umeme ulikatika? Je, mtu alipuliza dawa ya mbu chumbani? Dawa nyingi za kupuliza zina pairethroidi, kemikali ambazo ni sumu kali kwa samaki na kwa jamii ya kamba, na pampu ya hewa huivuta hewa hiyo na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji. Katika nyumba zetu za pwani, swali hilo la mwisho lisisahaulike kamwe.

Katika mfano wetu majibu yote ni hapana. Basi twende kwenye vipimo, tukianza na chumvi. Kipimo cha plastiki chenye mshale kinaonyesha 1.025, yaani hali njema. Lakini kipimo cha aina hiyo hudanganywa na kiputo kimoja cha hewa kilichonata kwenye mshale, na huharibika kadiri chumvi inavyoganda kwenye ekseli yake. Ukiazima refraktomita iliyosawazishwa kwa kimiminika maalumu cha gramu 35 kwa kilo, unakuta maji yako yana gramu 39. Mbona imepanda hivyo? Kwa sababu kila jioni maji yaliyopungua kwa mvuke yamekuwa yakifidiwa kwa maji ya chumvi. Maji huruka, chumvi hubaki. Ndiyo kanuni inayoendesha mashamba ya chumvi ya Bagamoyo na Gongoni, nayo haibadiliki kwa sababu tangi liko sebuleni. Upungufu wa mvuke hufidiwa kwa maji matamu yaliyochujwa tu.

Tiba ya kosa hili ni ndoo. Toa lita 5 za maji ya tangi, rudisha lita 5 za maji matamu yaliyochujwa yenye joto lilelile, ukiyamimina polepole mbali na matumbawe. Kila mara chumvi hushuka karibu gramu 1. Fanya hivyo mara moja kwa siku kwa siku nne, utafika karibu na 35. Usilifanye kwa siku moja: tumbawe lililozoea hali mbaya huweza kuuawa na hali njema iliyokuja ghafla. Tochi ikifunguka siku ya sita au ya kumi, utakuwa umetumia lita 20 za maji, na chupa tatu zimebaki dukani.

Vipimo vinavyostahili fedha yako

Ikiwa fedha ni kidogo, nunua kwanza kipimajoto cha kuaminika, refraktomita pamoja na kimiminika chake cha kusawazishia, na kipimo cha ualikali. Vingine vinaweza kufuata. Kimiminika cha kusawazishia si anasa: refraktomita iliyowekwa sifuri kwa maji matamu peke yake huweza kukosea kwenye kiwango cha bahari, mahali hasa unapoihitaji.

Viwango tunavyopendekeza kwa tangi la mchanganyiko ni hivi. Chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji. Ualikali kati ya 8 na 9 kwa kipimo kiandikwacho dKH, ingawa 7 hadi 11 huvumilika mradi usipande na kushuka. Kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na magnesiamu 1,250 hadi 1,350. Magnesiamu ikiwa chini, hayo mawili ya kwanza hayatulii hata ukiyaongeza kila siku. Amonia isionekane kabisa. Naitreti kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1.

Hapo kwenye naitreti na fosfeti tungependa kusimama kidogo. Kwa miaka mingi wanunuzi wameambiwa kwamba sifuri ndiyo lengo, na maduka yameuza vifyonzaji vya kila namna. Maji yasiyo na lishe kabisa huliua tumbawe kwa njaa, polepole, nalo hupauka kana kwamba lina joto. Kabla ya kununua mfuko mwingine wa kifyonza fosfeti, pima. Kwa upande mwingine, ikiwa naitreti yako ni 40, usitegemee miujiza ya kubadilisha maji mara moja: badiliko la asilimia 10 hupunguza asilimia 10 tu. Baada ya mabadiliko matano ya namna hiyo utakuwa karibu na 24, na hiyo ni endapo umepunguza pia chakula unachowarushia samaki.

Chupa na kilichomo

Bidhaa nyingi za kupandisha ualikali zina bikaboneti ya sodiamu, peke yake au ikiwa na vingine. Ni kitu kilekile kinachouzwa madukani kwa jina la bekingi soda. Kwa tangi lenye lita 200 za maji ya kweli, gramu 6 za bikaboneti safi hupandisha ualikali kwa takriban kipimo 1 cha dKH. Pima kwa mizani, si kwa kijiko. Koroga katika lita moja ya maji yaliyochujwa. Mimina kidogo kidogo penye mkondo mkali. Na usizidishe kipimo 1 kwa siku. Tunaonya kwa mkazo: bekingi pauda siyo, hamira siyo, wala magadi ya sokoni siyo. Vina vitu vingine ndani yake.

Hatusemi hivi kwa kumnyima muuzaji riziki. Chupa iliyopimwa vizuri na kuandikwa wazi ina thamani yake, hasa kwa mtu asiye na mizani. Lakini lebo isiyotaja kilichomo, isiyoonyesha tarehe ya mwisho ya matumizi, au inayodai kutibu “magonjwa yote ya matumbawe” haijakupa sababu ya kuinunua. Jihadhari zaidi na dawa za samaki zenye shaba. Shaba humtibu samaki na kumuua tumbawe, kamba na konokono, tena hujificha kwenye mawe na mchanga ikaendelea kutoka baadaye. Samaki mgonjwa atibiwe kwenye chombo tofauti.

Kuhusu maji ya bomba na ya kisima, msimamo wetu ni mfupi: yasiingie kwenye tangi la matumbawe bila kuchujwa kwa mashine ya utando, ile iitwayo RO. Klorini, shaba ya mabomba na naitreti ya visima havionekani kwa macho.

Jeraha linapohitaji mkono

Wakati mwingine maji ni mazuri na tumbawe bado linaharibika. Angalia kwa kioo cha kukuzia kama kuna minyoo bapa, konokono wasio na gamba, au mayai yaliyopangwa mstari chini ya tawi. Hapo dawa ya kuchovya ina kazi yake. Chota maji ya tangi kwenye bakuli, weka dawa kwa kiwango cha lebo, chovya kwa muda ulioandikwa na si zaidi, kisha suuza kwenye bakuli la pili. Maji ya bakuli zote mbili yamwagwe, yasirudi tangini. Dawa hizi haziui mayai. Yakwanguliwe kwa mkono, na uchovyaji urudiwe kila wiki kwa wiki kadhaa.

Ukiona ute wa kahawia kama jeli iliyooza juu ya kichwa cha tochi, chukua hatua siku hiyohiyo. Zima pampu ili ute usisambae kwa majirani, uvute kwa mpira mwembamba hadi kwenye ndoo, kisha toa tumbawe na kukata kichwa chote kilichoathirika. Kwa tumbawe la matawi linalovuka nyama, kata angalau sentimita 1 juu ya mstari wa jeraha, ndani ya sehemu yenye afya, na ubandike kipande kwenye jiwe safi kwa supaglu ya jeli. Usikate penye mstari wenyewe. Utakuwa umeubeba ugonjwa pamoja na kipande.

Hatari kwa watu wa nyumbani

Yapo matumbawe laini yafananayo na vifungo vya shati vilivyopangwa juu ya jiwe, ya jamii za Palythoa na Zoanthus. Baadhi yake yana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi za asili zinazojulikana. Mwaka 2018 huko Oxfordshire, Uingereza, watu wa familia moja pamoja na wazimamoto waliofika kuwasaidia walipelekwa hospitali baada ya tumbawe la namna hiyo kusafishwa nyumbani.

Usichemshe kamwe mawe ya tangi, usiyamwagie maji ya moto, wala usiyasugue kwa brashi yakiwa makavu, maana mvuke na matone ndiyo yanayoibeba sumu hadi mapafuni. Vaa glovu na miwani ya kukinga macho, fanya kazi ukiwa umezamisha jiwe, na watoto wasiwe karibu. Mtu akipata ladha ya chuma mdomoni, homa, maumivu ya misuli au kubanwa na pumzi baada ya kazi hiyo, apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe wazi kwamba aligusa tumbawe. Wengi hutajiwa mafua kwa sababu hawakutaja tangi.

Kununua, na kulalamika

Kabla ya kununua, uliza jina la kisayansi la tumbawe, limekaa dukani siku ngapi, na kama limekuzwa kwa vipande au limetolewa mwambani. Lililokaa wiki mbili na kufunguka vizuri ni salama zaidi kuliko lililofika jana. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973. Kwa hiyo likivuka mpaka wa nchi lazima liwe na kibali, nawe unayo haki ya kuuliza kiko wapi. Kujichumia baharini si njia ya mkato. Katika hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, au Mafia ya mwaka 1995, matumbawe yanalindwa.

Ukiamini kwamba umeuziwa tumbawe bovu au dawa isiyo na ukweli, fika kwa ofisi ya kulinda watumiaji iliyo karibu nawe ukiwa na risiti, picha ya tumbawe ya siku ya kwanza na ya siku ulipoona tatizo, chupa yenyewe ikiwa na lebo yake hata kama imekwisha, na daftari la vipimo vyako likiwa na tarehe. Muuzaji atasema maji yako yalikuwa mabaya. Daftari hilo ndilo litakalomjibu, kwa hiyo lianze siku unapolijaza tangi, si siku tumbawe linapofumba.